Enschede: Walichonunua na wasichonunua waliookoa filamu ya Polaroid

Juni 14, 2008, Florian Kaps alikwenda Enschede, mji wa mashariki mwa Uholanzi ulio jirani kabisa na mpaka wa Ujerumani, kuhudhuria hafla ya kukiaga kiwanda. Alitokea Vienna, Austria. Hakuwa mhandisi wala mkemia. Alikuwa daktari wa biolojia aliyesomea misuli ya macho ya buibui, akaishia kwenye biashara ya kuuza filamu za Polaroid kwa njia ya intaneti. Februari mwaka huo Polaroid ilitangaza kwamba inaachana na filamu za papo kwa papo, na kiwanda cha Enschede ndicho kilichokuwa kimebaki kikitengeneza zile za aina ya SX-70 na 600, yaani picha yenye fremu nyeupe inayotoka kwenye kamera na kujisafisha yenyewe mkononi mwako.

Mpenzi wa vitu vya kale akijikuta ugenini, kiwanda kinafungwa mbele yake, kwa kawaida hurudi na ukumbusho: kibao cha jina, saa ya ukutani, kamera iliyokuwa kabatini kwa mkurugenzi, maboksi machache ya filamu ya mwisho. Kaps aliondoka na kitu kizito zaidi. Kwenye hafla hiyo alikutana na André Bosman, meneja aliyefanya kazi Polaroid kwa miaka 28, naye akamweleza kwamba mashine zimepangiwa kuvunjwa. Ilipofika Oktoba, wawili hao pamoja na Marwan Saba, aliyesimamia upande wa fedha, walikuwa wamenunua mashine za uzalishaji kwa dola milioni 3.1 na kulipanga jengo lenyewe. Kampuni yao wakaiita The Impossible Project.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya mapenzi ya watu na picha zao. Mimi kinanivutia kwa sababu nyingine. Ni mfano mzuri wa namna ya kuokoa mali kutoka mikononi mwa wauza skrepa, na ni mfano mzuri vilevile wa namna mtu anavyoweza kununua kiwanda kizima, mashine zote zikiwa zinafanya kazi, halafu akajikuta hawezi kutengeneza hata picha moja.

Ili kuelewa ilikuwaje, shika picha ya 600 uitazame upande wa chini. Ukingo wa chini ni mpana kuliko mingine mitatu. Watu wameuzoea kwa kuandikia majina na tarehe, lakini haukuwekwa kwa kazi hiyo. Ndani yake mna kifuko chembamba kilichojaa kemikali nzito, uzito wake kama wa uji. Kamera inapoisukuma picha nje, huipitisha katikati ya rola mbili za chuma. Kifuko hupasuka, kemikali hutandazwa sawasawa kati ya karatasi angavu ya juu na matabaka ya chini yanayopokea mwanga, na ziada yake huishia ukingo wa juu, ambako umetegwa mfuko mdogo wa kuipokea. Rola zikiwa na uchafu, au kemikali ikiwa nyepesi kidogo kuliko inavyotakiwa, utaona mistari na madoa meupe mpaka mwisho wa maisha ya picha hiyo.

Kemikali yenyewe ni kali, imejaa alkali. Humo mna unga mweupe wa titani dioksidi, ambao ndio weupe unaouona nyuma ya sura za watu, na mna rangi maalumu za kuzuia mwanga. Hizi za mwisho ndizo ujanja mkubwa wa Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, na wakemia wake. Alkali ikiwa nyingi, rangi hizo huwa nyeusi na kuikinga negativu, yaani yale matabaka ya chini yanayopokea mwanga, isiungue kwa jua. Dakika zinavyopita, tabaka la asidi lililofichwa humo humo huipunguza alkali, rangi zikawa angavu, pazia likaondoka. Wakati huo rangi za njano, majenta na sayani zimekwisha kupanda kutoka kwenye negativu, kila moja mahali pake, na kutulia juu ya ule weupe. SX-70 ilipotoka mwaka 1972, jambo hili lilimaanisha kwamba chumba cha giza cha mpiga picha kilikuwa kimeingizwa ndani ya karatasi yenye unene usiofika milimita kadhaa, na mteja angeweza kuitazama picha ikijisafisha chini ya jua la saa sita mchana.

Sasa rudi Enschede. Kazi ya kiwanda hiki ilikuwa kuunganisha. Mashine zake zilikata negativu, zikaiweka uso kwa uso na karatasi ya juu, zikabandika kifuko na fremu nyeupe, zikakunja kingo, zikapanga picha 10 kwenye kasha la plastiki pamoja na betri bapa ya volti 6, vyote hivyo gizani. Ni mashine za kustaajabisha, na ziliundwa kwa kazi hiyo moja tu. Lakini negativu ilitoka New Bedford, Massachusetts, na kemikali ya kwenye kifuko ilitoka Waltham, katika jimbo hilo hilo la Marekani. Huko uzalishaji ulikwisha kukoma kabla, na Polaroid iliendelea kwa miaka michache kwa kutumia akiba. Akiba ilipoelekea ukingoni, Enschede nayo ikafungwa.

Kwa hiyo walichonunua Kaps na Bosman kilikuwa hatua ya mwisho ya mnyororo ambao hatua zake za mwanzo hazikuwepo tena. Dola milioni 3.1 hazikununua fomula, kwa sababu fomula bila malighafi zake haina kazi, na viungo karibu 30 vya filamu ya zamani havikupatikana tena sokoni. Vingine watengenezaji wake walikuwa wamefunga. Vingine sheria za mazingira za Ulaya zilikuwa zimebadilika na havikuruhusiwa.

Pamoja na hayo, naona mambo mawili waliyafanya vizuri mno mwanzoni, na yote mawili yanahusu muda.

La kwanza ni kupanga jengo. Mtu mwingine angenunua mashine, akakodi malori, akazipeleka mahali penye kodi nafuu. Mstari wa kuunganisha filamu hauhamishwi hivyo. Mashine hizi zimefungwa sakafuni, zimepimwa zikalingana kwa vipimo vidogo mno, zimeunganishwa na mabomba ya hewa iliyochujwa vumbi, na ziko katika vyumba vilivyojengwa visipitishe mwanga. Kuzing'oa ni nusu ya kuziua. Kwa kulipa kodi ya jengo, waliununua ule mpangilio wote kwa bei ya kodi, na mashine zilizosimama Juni zikabaki pale pale zilipozoea kufanya kazi.

La pili ni kuharakisha. Oktoba hiyo hiyo ya 2008, Tom Petters, aliyekuwa mmiliki wa Polaroid kupitia kundi lake la makampuni, alikamatwa Marekani kwa ulaghai wa mabilioni ya dola, na baadaye akafungwa miaka 50. Desemba, Polaroid ikaomba kinga ya mufilisi. Mashine zile zingekuwa bado hazijauzwa, zingeingia kwenye orodha ya mali za kugawiwa wadai, na wadai hawana haja na historia ya picha. Miezi miwili tu ilitenganisha mkataba na vurugu.

Halafu kuna watu. Kati ya wafanyakazi wa zamani wa Enschede walichukuliwa kama 10, wengi wao wakiwa wamevuka miaka 50. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomsifu Kaps peke yake. Kaps alileta ukaidi, alileta wanunuzi, na alijua kuzungumza na waandishi wa habari. Lakini mashine iliyoundwa kwa kazi moja haina duka la spea wala wakala wa kumpigia simu. Fundi aliyeifungua na kuifunga kwa miaka 20 ndiye anayejua kwamba ukikaza hapa, kule kifuko kitavuja. Bosman aliwajua mafundi hao kwa majina, alijua nani anafaa kwa lipi, na alijua nani atakubali kurudi kwenye kiwanda ambacho kilikwisha kumwaga. Bila yeye, dola milioni 3.1 zingenunua tani kadhaa za chuma.

Kazi iliyofuata haikuwa ya kufufua filamu ya zamani. Walilazimika kubuni mpya itakayopita katika mashine za zamani na kufanya kazi ndani ya kamera za zamani, na huo ni mtihani mgumu zaidi. Ukibuni filamu upya unaweza kubuni na kamera yake. Wao walikuwa na mamilioni ya kamera kwenye kabati za watu duniani, ambazo rola zake, kasi yake na ukubwa wa kasha lake havibadiliki. Kila kitu kipya kilipaswa kuingia humo au kitupwe.

Negativu ilipatikana Ujerumani, kwa kampuni ndogo ya InovisCoat. Nayo ina historia inayofanana: ilitokana na watu na mitambo ya Agfa, baada ya AgfaPhoto kufilisika mwaka 2005. Yaani kiwanda kimoja kilichookotwa kilikwenda kuomba msaada kwa kingine kilichookotwa. Sidhani kama ilitokea kwa bahati. Ujuzi wa kupaka matabaka membamba ya kemikali juu ya plastiki, gizani, bila kasoro, ulikuwa umebaki kwa watu wachache sana barani Ulaya, na wote walifahamiana.

Machi 22, 2010 filamu ya kwanza, PX 100, ilitambulishwa. Ilikuwa ya rangi moja, yenye kuelekea kahawia. Kasha lilikuwa na picha 8 badala ya 10, kwa kuwa vifaa vipya vilikuwa vinene zaidi na havikuenea. Bei ilikuwa takriban dola 20 kwa kasha. Kwa hesabu ya kawaida ya mnunuzi, hiyo ni bidhaa mbovu: unalipa zaidi, unapata picha chache, na rangi huna.

Kasoro kubwa haikuwa hizo, ilikuwa lile pazia. Rangi za kuzuia mwanga za Polaroid hazikupatikana, na mbadala wake haukufanya kazi sawasawa. Picha ikitoka kwenye kamera na kuguswa na jua kwa sekunde moja, inaharibika. Watumiaji wakajifunza kupiga picha huku mkono mmoja umeziba mdomo wa kamera, wakaitia picha haraka mfukoni au ndani ya boksi, na kusubiri. Wengine walibandika kipande cha kadibodi mbele ya kamera ili picha itoke chini yake. Kukiwa na baridi, picha inafifia. Kukiwa na joto, inageuka njano au nyekundu. Unyevu ukibaki ndani, baada ya wiki chache madoa ya fuwele yanaanza kuila picha kutoka ndani. Ile raha yote ya 1972, ya kuitazama sura ikijitokeza mbele yako mchana kweupe, haikuwepo.

Waliwauzia watu filamu ambayo haijakamilika, na wakawaambia wazi kwamba haijakamilika. Wako waliokasirika, nami nawaelewa. Lakini kiufundi sioni njia nyingine. Mashine ya ukubwa ule haiwashwi ili itoe picha 50 za majaribio, kwa sababu kuipasha, kuilinganisha na kuisafisha kunagharimu sawa, iwe imetoa kidogo au nyingi. Kila jaribio lilimaanisha maelfu ya picha, na maelfu ya picha lazima yawe na mtu wa kuyalipia. Wateja wakawa maabara. Walituma picha zao zilizoharibika, pamoja na maelezo ya hali ya hewa na aina ya kamera, na wakemia wa Enschede wakapata takwimu ambazo wasingeweza kuzikusanya wenyewe.

Filamu za rangi zilianza kutoka mwaka huo huo wa 2010. Mwaka 2012 likaja toleo lenye pazia lililoboreshwa, ambalo liliistahimili nuru kiasi, ingawa bado uliambiwa uikinge picha. Mwaka 2015 filamu ya nyeusi na nyeupe ilipata fomula mpya iliyoharakisha usafishaji. Hadi leo, picha ya rangi huhitaji dakika 10 hadi 15 kukamilika, wakati ile ya zamani ilikuwa tayari ndani ya dakika chache. Polaroid ya Marekani ilikuwa na maabara kubwa na wakemia tele. Watu wa Enschede walikuwa wachache, na kasi ya kazi yao inaonyesha hivyo.

Mei 2017, mwanahisa mkubwa wa Impossible alilinunua jina la Polaroid lenyewe pamoja na mali zake za ubunifu. Septemba mwaka huo kampuni ikabadilishwa jina kuwa Polaroid Originals, na Machi 2020 ikawa Polaroid tu. Waliokwenda kununua mashine kwenye kiwanda cha marehemu wakaishia kurithi na jina lake. Kaps hakuwepo tena. Alikwisha kuondoka miaka kadhaa nyuma.

Kuna kiwanda kingine kinachofaa kuwekwa kando ya hiki ili kupima uamuzi wa Enschede, nacho ni Ferrania, katika milima ya Liguria, Italia. Hapo palitengenezwa filamu ya sinema ya P30, ambayo Federico Fellini na Vittorio De Sica waliitumia. Kampuni ya Marekani ya 3M ilikinunua mwaka 1964, baadaye wakaja wamiliki wengine, na mwishoni mwa miaka ya 2000 utengenezaji wa filamu ukakoma. Mwaka 2012 Nicola Baldini na Marco Pagni walianza mipango ya kuufufua utengenezaji huo, lakini badala ya kuchukua kiwanda kikubwa walichukua jengo dogo la utafiti lililokuwa na mtambo wake wenyewe wa kupakia kemikali. Mwaka 2014 wakachangisha kwa umma zaidi ya dola 322,000 ili kuokoa mitambo mikubwa kutoka majengo yaliyokuwa karibu kubomolewa. Mitambo hiyo waliipa majina: Trixie wa kutengeneza plastiki ya filamu, Walter wa kuchanganya kemikali, na Big Boy wa kupaka.

Kwa macho yangu, Waitalia walichagua vizuri zaidi ukubwa na vibaya zaidi muda. Mtambo mdogo wa utafiti unaweza kuendeshwa kwa mapato madogo, na hilo Enschede hawakulipata. Lakini majengo ya Ferrania yalikuwa yamekaa miaka bila kazi, mabomba yana asbesto, umeme na mvuke ni wa kuanza upya. Waliochangia waliahidiwa filamu ya slaidi ya rangi. Kilichotoka mwaka 2017 ni P30 ya nyeusi na nyeupe, filamu nzuri, ila si ile waliyoilipia. Miaka michache ya kiwanda kukaa kimya iliwagharimu zaidi ya bei ya mashine zenyewe.

Na uko mfano wa tatu, wa kuchelewa kabisa. Februari 2016 Fujifilm ilitangaza mwisho wa FP-100C, filamu ya papo kwa papo ya kubandua, ile unayoivuta kwa kikaratasi, unasubiri, kisha unatenganisha karatasi mbili. Kaps alijaribu kuwashawishi Wajapani wasizivunje mashine, mazungumzo yakaenda mpaka ngazi za juu, lakini hayakuzaa kitu. Mwaka 2019 kampuni yake ya Vienna ikaanza kutoa filamu ya namna hiyo inayounganishwa kwa mkono, moja moja, kwa bei ya zawadi ya harusi.

Wapiga picha wa Afrika Mashariki wanaijua filamu hiyo ya kubandua bila kuhitaji maelezo ya Vienna wala Tokyo. Ndiyo iliyokuwa ikitumika kwenye kamera za lenzi nne, zile za picha za pasipoti, nne kwa mkupuo mmoja, zilizowakomboa watu waliokuwa na haraka ya kujaza fomu kabla ofisi haijafungwa. Kamera hizo bado zimo kwenye droo za studio nyingi, nyingine zikiwa nzima kabisa.

Kwa hiyo kama umeachiwa studio na mzee wako na unazipanga mali zake, zitenganishe. Kamera inayotema picha yenye fremu nyeupe, ya SX-70 au 600, itunze: safisha rola zake kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usitumie kitu chenye ncha, na ununue kasha moja ulijaribu, kwa maana Enschede bado wanatengeneza na betri imo humo humo. Kamera ya lenzi nne ya kuvuta na kubandua, hata ikiwa inang'aa namna gani, usiithamini kwa bei ya kamera ya kazi. Filamu yake ya kiwandani haipo tena.